Filimbi ya saa nane usiku: miezi 18 ya kulipia ulinzi shirikishi mtaani kwetu, Tabata

Kutoka geti letu hadi kituo cha daladala ni hatua 540. Nimezihesabu mara nyingi. Saa kumi alfajiri, ukiwa na mtaji umeufunga kwenye pindo la kanga, lazima kichwa ukipe kazi ya kufanya ili kisiusikilize moyo. Mimi nimekipa kuhesabu.

Kazi yangu ni samaki wa kukaanga. Alfajiri naenda Feri mnadani, nachukua vibua au changu kulingana na bei ilivyoamka, narudi na ndoo yangu jua limeshapanda. Jioni nakaa na karai nje ya duka la Mangi mpaka saa tatu na nusu usiku. Yaani niko barabarani saa zile mbili ambazo wenzangu wameshapiga komeo. Kwa hiyo ukiniuliza mtaa wetu una usalama kiasi gani, usitegemee jibu kama la yule anayeshukia kwenye gari ndani ya geti lake. Mimi nakujibu kwa miguu.

Ninachotaka kukisema hapa ni ulinzi shirikishi wa mtaa wetu. Ni huku Tabata, Dar es Salaam, jina la mtaa naliacha maana tunaishi humu humu. Bei zake: mpangaji wa chumba kimoja 3,000 kwa mwezi, mwenye chumba na sebule kama mimi 5,000, nyumba yenye geti lake 10,000, duka 15,000. Kwa pesa hiyo mnapata vijana wanane na mzee mmoja anayewaongoza, tunamwita Kamanda, alikuwa mgambo zamani. Wana marungu, tochi, makoti ya njano yanayong'aa, na filimbi. Wanaanza saa tano usiku, wanaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Kabla sijausifu wala kuusema vibaya, niseme nilikotoka.

Juni ya mwaka juzi nilikabwa. Ilikuwa pale kona ya gereji, hatua ya 310 hivi. Hawakunisemesha. Mkono ulikuja kutoka nyuma, ile roba wanayoijua wao, na wa pili akaja mbele akafungua kanga kama mtu anayejua fundo lilipo. Alilijua, nadhani, nimekuja kugundua kwamba kila mtu mtaani alikuwa anajua Mama Samaki hufunga hela upande wa kushoto. Wakachukua 180,000, simu yangu ya kitochi, na ndoo. Ndoo tupu! Hilo ndilo lililoniuma siku nzima, nikawa nalia ndoo kuliko mtaji. Nilikohoa damu kidogo siku mbili, sauti ikarudi baada ya wiki. Sikukosa kwenda Feri kwa zaidi ya siku nne, maana ada ya mtoto haijui umekabwa.

Basi nikaanza kununua usalama, kama tunavyofanya wengi, kipande kipande.

Cha kwanza kilikuwa taa. Wapangaji wanne tulichanga tukanunua taa mbili za sola, zile zinazojiwasha mtu akipita, tukazifunga kwenye nguzo pale kona. Usiku wa tisa hazikuwepo. Wamezifungua vizuri kabisa, na skrubu wamechukua. Sina zaidi la kusema juu ya bidhaa hiyo isipokuwa kwamba ilikuwa inawaka vizuri, na mwizi wakati anaifungua ilimmulikia.

Cha pili ni mwenye nyumba wetu aliyekileta. Kampuni ya ulinzi, jina nalihifadhi, ikatufungia king'ora na kitufe cha dharura ukutani, wapangaji sita kila mmoja 15,000 kwa mwezi. Tukaambiwa ukibonyeza, gari la doria linafika chini ya dakika kumi. Hapo nilijiona niko Masaki. Usiku mmoja wa mvua dada wa chumba cha tatu akasikia mtu anavuta nyavu za dirisha lake. Wale wezi wa upondo, wanaopitisha mti mrefu wenye ndoano dirishani, wanavua suruali yako na simu iliyomo mfukoni wewe umelala. Akabonyeza. King'ora kikalia mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Mwizi akakimbia, sawa, hilo nawapa. Kisha simu ikaita: "Mama, mko karibu na baa gani?"

Tukamtajia namba ya nyumba. Tunayo, tulipigiwa kibao mwaka 2022 kwenye ile operesheni ya anwani za makazi, kabla ya sensa. Na jina la barabara lipo kwenye nguzo. Kijana wa kampuni akasema, "Hiyo namba sawa, ila baa ni ipi?" Gari lilifika baada ya dakika 40. Walinzi wawili, wapole, wameloa, wakatuamkia vizuri, wakamulika ukuta, wakatusainisha fomu. Siwachukii. Lakini dakika 40 mimi naweza kukaanga karai zima la vibua. Mkataba ulipoisha hatukuuhuisha.

Sasa huu ulinzi shirikishi haukuwa mpya kwetu, ulikuwa umelala. Mwaka 2022, vile vikundi vya vijana wa mapanga, Panya Road, viliporudi kuingia majumbani pembezoni mwa jiji, viongozi wa mkoa waliagiza mitaa ifufue ulinzi wake. Kwetu ukafufuka miezi minne, ukafa kwa kukosa hela. Nilivyokabwa mimi, na mwezi uleule wakakabwa wengine watatu, mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano shuleni. Wajumbe wa nyumba kumi wakapewa madaftari ya kuandika kaya. Ndipo tulipoanza hii awamu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Vijana wanakwenda wawili wawili, mtaa umegawanywa njia nne. Kila wakifika kona wanapiga filimbi moja ndefu, na wa kona nyingine wanaitikia. Filimbi tatu fupi maana yake njooni. Ukisikia tatu fupi, unawasha taa ya nje na kutoka na ulichonacho, mwiko, mchi, chochote. Wiki ya kwanza sikulala, ile sauti ilikuwa inanipasua kichwa. Siku hizi usiku filimbi ya saa nane isipolia ndiyo naamka.

Mimi nimezaliwa Kahama, kwa hiyo sauti ya usiku ya kuitana si ngeni kwangu. Miaka ya themanini, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, wazee walishika upinde na mishale wakajiita sungusungu, na Mwalimu Nyerere aliwakingia kifua wakati wengine serikalini wakiwaona watu wa fujo. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Nakumbuka mwano: mtu mmoja anapiga ukelele kwa mbali, wa pili anaupokea, wa tatu, mpaka unasikia nchi nzima inaitikia gizani, na sisi watoto tumejikunyata kwa mama. Mwanaume aliyebaki kitandani alilipa faini. Huku Dar kila mtu ana ukuta wake, na mwano ukipigwa watu huongeza sauti ya televisheni. Filimbi zimeturudishia nusu ya kile kitu. Nusu, maana siku hizi tunalipa wengine watoke kwa niaba yetu.

Lakini huduma niliyoipenda kuliko zote haikuandikwa popote. Wiki ya pili, nikiwa natoka getini saa kumi kasoro, nikawakuta wawili wameketi kwenye jiwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kuna nini?"

"Kamanda kasema tukufikishe kituoni."

Tangu siku hiyo nasindikizwa. Mmoja mbele, mmoja nyuma, hatua zote 540, mpaka konda anaponishika mkono. Hawasemi sana. Mmoja wao anapenda Simba, wa pili Yanga, na hicho ndicho kinachozungumzwa. Sikuwa nimeomba. Muuguzi wa zamu ya usiku anayerudi saa tano na ushee naye anapokelewa kituoni, na mabinti wawili wa saluni. Hakuna kitufe kinachonifanyia hivyo. Tangu waanze, kati ya geti langu na kituo sijasikia mtu amekabwa alfajiri. Mchana ni habari nyingine, simu zinaporwa na bodaboda mchana kweupe, wao wamelala, na mkataba wao hausemi mchana.

Haya, tuje kwenye uchungu, na ni mwingi.

Kwanza hela. Miezi sita ya mwanzo mjumbe alikuwa anachukua pesa na kuandika kwenye daftari la shule, basi. Nikidai risiti ananiangalia kama nimemtukana mama yake. Vikatokea vya kutokea: miezi miwili vijana hawakulipwa posho, na pesa tumetoa. Wakaacha kuja. Usiku wa tatu magari manne yaling'olewa vioo vya pembeni, na jirani yangu akaibiwa mtungi wa gesi ukiwa umejaa, kaununua jana yake. Kila mtu akanong'ona kilekile: hao hao walinzi ndio wezi, wanatukumbusha kulipa. Nilimuuliza Kamanda uso kwa uso, mimi sinong'oni. Akasema, "Mama, mwizi naye anasikiliza filimbi. Alipoona hailii akaja." Sijui ukweli wote. Ninachojua ni kwamba wawili kati ya wanane walikuwa vibaka wenyewe enzi hizo, mtaa mzima unawajua, na Kamanda aliwachukua makusudi. Mmoja wao ndiye anayetembea mbele yangu alfajiri. Nimeshajiuliza kama mkono wa ile roba ulikuwa wake. Sijamuuliza huyo, hapo ujasiri wangu uliishia.

Sasa kuna risiti zenye muhuri wa serikali ya mtaa, na orodha ya waliolipa inabandikwa ukutani ofisini. Tumepigana vikao vitatu kuipata.

Pili, na hili nataka mnisikilize. Nina watoto wawili wakubwa, binti wa miaka 22 na kijana wa 19. Ukimuuliza binti yangu kuhusu ulinzi huu, atakuambia ni baraka. Zamani alikuwa anakatisha kipindi cha jioni chuoni ili awahi kurudi, siku hizi anamaliza. Ukimuuliza mdogo wake, atakuambia ananiogopea vibaka mimi, yeye mwenyewe anaogopa makoti ya njano. Sina jibu la kumpa. Machi iliyopita kijana wa rika lake, fundi wa tanuri ya mikate, alikuwa anarudi kazini saa tisa usiku. Amevaa kofia ya jaketi kichwani, unga mikononi. Wakamsimamisha, akajibu kwa jeuri ya mtu aliyechoka, wakampiga. Filimbi tatu fupi zikalia na sisi majirani tukatoka na michi yetu, na nakiri mbele yenu kwamba nilitoka na mimi, na mtu akapiga kelele "mwizi". Mnajua neno hilo linafanya nini katika jiji hili. Aliyemwokoa ni bibi mmoja mwenye nyumba ya kona aliyemulika usoni akasema, "Huyu ni wa mikate jamani, ananiletea skonzi." Kama bibi yule angekuwa amelala, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Kijana alishonwa nyuzi tano. Mtaa ulimlipia hospitali, Kamanda alikwenda kwao kuomba radhi na kilo mbili za nyama. Wawili waliompiga walisimamishwa mwezi mmoja, wakarudishwa. Mwezi mmoja tu! Sheria inamruhusu raia kumkamata mhalifu na kumfikisha polisi bila kuchelewa, haimpi rungu la hakimu. Niliinuka kikaoni nikalisema hilo, wakanipigia makofi, wakaendelea na ajenda ya taka. Hata kule kwetu sungusungu waliokomesha wezi wa ng'ombe ndio haohao waliowageukia vikongwe wenye macho mekundu wakiwaita wachawi. Baba hakupenda kulizungumza hilo, ukimuuliza alikuwa anaanza kutafuta tumbaku yake.

Baada ya hapo kulikuwa na badiliko moja la maana: wanaofanya kazi usiku tumeandikishwa. Waoka mikate, wauguzi, walinzi wa viwandani, madereva, mimi. Vijana wanatujua sura. Mwanangu nimempeleka mwenyewe kwa Kamanda, nikamsimamisha kwenye mwanga, nikasema, "Huyu ni wangu. Mtazameni vizuri." Mtoto aliona aibu, kasimama kama anapigwa picha ya kitambulisho cha taifa. Heri aibu.

Tatu ni wenye fensi ya umeme. Nyumba tano za juu kule hazilipi. Ukienda na daftari unaambiwa dirishani, "Sisi tuna fensi na kamera." Sawa. Kamera moja kweli ilimnasa mwizi wa vioo, video tuliiona wote kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: kofia, barakoa, mgongo. Mgongo mzuri, wa mtu anayefanya mazoezi. Juzijuzi umeme ulikatika usiku kucha, betri ya fensi ilikuwa imechoka siku nyingi, na nani alikuja kugonga kwa Kamanda saa saba akitaka vijana wawili wakae getini kwake? Kamanda aliwapeleka. Mimi ningemwambia awashe kamera.

Na hilo kundi la WhatsApp lenyewe, ningekuwa na uwezo ningelifunga kila siku saa mbili usiku. Linatisha kuliko wezi. Mtu anarusha sauti ya mtu asiyejulikana, "wameonekana Mbagala wako hamsini na mapanga wanaelekea huko", na watu wazima wanaanza kuvuta makabati kuzibia milango. Mimi nilishauona mchezo huo Ijumaa ya 2 Januari 2015. Jioni ile jiji zima lilikimbia. Nilikuwa Buguruni, nikaona watu wanakimbia nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki, maduka yanafungwa, daladala zinageuza njiani, na kila niliyemuuliza kawaona wapi Panya Road alisema ameambiwa na anayekimbia mbele yake. Nilifika nyumbani peku bila kumwona hata mmoja. Kwa hiyo siku hizi sauti kama hiyo ikirushwa, simwulizi aliyeirusha. Nafungua dirisha nasikiliza filimbi. Ikilia moja ndefu na kuitikiwa, nalala.

Polisi nao niseme neno. Kuna polisi kata, namba yake imeandikwa ukutani ofisi ya mtaa, na Kamanda anazo namba zake zote mbili. Wezi wawili wa mitungi ya gesi walipokamatwa Agosti, walikabidhiwa wakiwa wazima, na polisi walifika haraka kwa sababu aliyepiga anajulikana. Wewe na mimi tukipiga 112 inabidi kueleza kwanza tuko wapi, na tumerudi kulekule kwa baa gani.

Ukitaka nyota, nawapa tatu na nusu kati ya tano. Moja nzima imekatwa na yule kijana wa mikate, na haitarudi mpaka nione adhabu ya maana siku rungu likitumika vibaya. Hiyo nusu ni ya miezi sita bila risiti. Elfu tano yangu nitaendelea kutoa. Ni bei ya vibua vichache, na kona ya gereji siku hizi napita naongea.

Ukihamia kwetu, fanya haya kabla hujafungua mizigo. Mtafute mjumbe, ujiandikishe, toa hela mbele ya mtu na usiondoke bila risiti ya muhuri. Kama una kijana wa kiume, mpeleke kwa Kamanda mapema usiku, saa tano na robo wanakuwa wote pale kwenye mwembe wanagawana njia. Kama unatoka alfajiri, sema. Usingoje waje wao, mimi nilibahatika tu.

Na ukiwakuta saa tano wanakula vichwa vya samaki pale chini ya mwembe, usiseme wanahongwa. Ni vyangu, na wanavilipia. Isipokuwa wa Simba, ana deni la tangu Jumanne.